Moyo Ulioshindwa Kusukuma Damu: Maswali Tunayoulizwa Kila Siku Kliniki

Maswali haya nimeyaandika nikiziona sura za waliouliza: mama aliyekaa benchi la mbele kavua viatu kwa sababu haviingii tena, kijana aliyemleta baba yake kwa bajaji huku amemkumbatia njia nzima asilale. Mimi ni nesi wa kliniki ya moyo Dar es Salaam. Majibu yanawahusu watu wazima, na hayaondoi maelekezo ya daktari anayekutibu wewe. Kama hapo ulipo unapumua kwa shida, acha kusoma kuanzia juu, nenda moja kwa moja swali la 22.

## Kuuelewa ugonjwa

1. Daktari ameniambia moyo umeshindwa kufanya kazi. Ina maana utasimama?

Hapana. Moyo huo bado unapiga usiku na mchana, ila nguvu yake ya kusukuma imepungua, au umekakamaa kiasi kwamba haulegei vizuri kupokea damu inayorudi. Mwili unapata damu pungufu, na damu inayosubiri zamu inarundikana nyuma. Ikirundikana upande wa mapafu, maji yanachuja kutoka kwenye mishipa na kuingia mapafuni: unakohoa, unahema. Ikirundikana upande wa mwili, maji yanashuka miguuni, yanajaa tumboni, ini linavimba na chakula kinakukinaisha baada ya matonge mawili.

Halafu figo nazo zinaongeza tatizo zikidhani zinasaidia. Zikiona damu inayozifikia ni kidogo, zinachukulia kwamba umekaukiwa maji, kama mtu aliyeshinda juani. Zinakamata chumvi na maji visitoke. Maji yanaongezeka, moyo unaelemewa, figo zinazidi kukamata. Karibu kila ushauri ulioko hapa chini, kuanzia vidonge mpaka chumvi, unalenga kuukata mzunguko huo.

2. Moyo mkubwa, moyo kutanuka, moyo kujaa maji, mshtuko wa moyo: ni kitu kimoja?

Vinagusana, lakini si kimoja. Moyo mkubwa au uliotanuka ni habari ya umbo: misuli imenenepa au vyumba vimepanuka. Umbo hilo mara nyingi huishia kwenye moyo kushindwa, ingawa si lazima. "Moyo kujaa maji" ndivyo watu wanavyouita ugonjwa wenyewe, japo maji yako mapafuni, tumboni na miguuni. Mshtuko wa moyo ni jambo la ghafla: mshipa unaoulisha moyo umeziba na sehemu ya misuli inakufa. Aliyepona mshtuko anaweza kubaki na kovu linaloleta moyo kushindwa miezi au miaka baadaye.

3. Sijafika hata miaka hamsini. Nimeupataje?

Huku kwetu ugonjwa huu hauwasubiri wazee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwafuatilia wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa katika hospitali 12 za nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52. Kisababishi kilichoongoza hakikuwa mishipa ya moyo kuziba kwa mafuta, ilikuwa presha ya kupanda. Utafiti wa wagonjwa 427 wa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, uliotoka 2014, ulikuta vivyo hivyo: presha ilibeba asilimia 45.

Presha haiumi, na hapo ndipo penye hatari. Mtu anatembea nayo miaka kumi, moyo unasukuma dhidi ya mishipa iliyokaza, misuli inanenepa, kisha inachoka. Wengi wanaambiwa kwa mara ya kwanza kwamba wana presha siku ileile wanayoambiwa moyo umeshindwa. Inaniuma kila nikilisikia hilo, kwa sababu mashine ya presha ipo hata kwenye zahanati ndogo na kipimo ni cha dakika mbili.

Visababishi vingine tunavyoviona ni misuli ya moyo kudhoofika yenyewe (kwa kurithi, kwa virusi, kwa pombe, wakati mwingine kwa VVU), valvu (milango ya ndani ya moyo) zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, kifua kikuu kilichoingia kwenye utando wa moyo, kisukari, upungufu mkali wa damu na ugonjwa wa tezi ya shingo. Kuna pia unaowapata kina mama karibu na kujifungua. Huo uko swali la 19. Muulize daktari wako kisababishi chako ni kipi, kwa sababu baadhi vinatibika kabisa.

4. Miguu ya mama inavimba jioni. Ni moyo?

Huenda, lakini usikimbilie hapo. Figo, ini, mishipa ya miguu iliyolegea, matende, na hata amlodipine, kidonge cha presha kinachotumiwa na wengi, vyote huvimbisha miguu.

Jaribu hivi: bonyeza kwa kidole gumba juu ya ugoko, hesabu mpaka kumi, achia. Kama shimo linabaki kama kwenye unga uliokandwa, hayo ni maji. Kama yako miguu yote miwili, na anahema akipanda ngazi au akitoka kisimani, apimwe moyo wiki hii. Mguu mmoja tu uliovimba ghafla na kuuma ni jambo jingine, huenda damu imeganda kwenye mshipa, na huo haungoji wiki.

5. Kwa nini kila nikija mnaniuliza nalalia mito mingapi?

Kwa sababu mito haidanganyi. Ukilala chali, maji yaliyokuwa miguuni kutwa yanarudi kifuani na mapafu yanalowa. Mwili unajifunza wenyewe kuinuka: mto wa pili, wa tatu, kisha mtu anahamia kwenye kiti. Mama mmoja alilala wiki tatu ameegemea meza ya chakula, paji la uso juu ya mikono. Wajukuu walidhani bibi anaswali sana usiku. Hakumwambia mtu kwa sababu hakuona kama ni ugonjwa, aliona ni uzee.

Kuamka saa nane ya usiku umekabwa pumzi, ukakimbilia dirishani kutafuta hewa, ni dalili hiyohiyo. Mito ikiongezeka kutoka miwili kwenda mitatu, tuambie kabla ya tarehe yako ya kliniki.

6. Kipimo cha eko kimesema asilimia 30. Ndiyo kusema nimebakiwa na moyo asilimia 30?

Hapana, na swali hili limewanyima watu wengi usingizi bure. Namba hiyo ni sehemu ya damu iliyo ndani ya chumba kikuu cha kushoto inayotoka kwa pigo moja. Hakuna moyo unaotoa asilimia 100. Mzima hutoa kati ya 55 na 70 hivi. Kwa hiyo 30 ni kama nusu ya kawaida: ni dhaifu, lakini si "thelathini kwa mia ya uhai". Na namba inaweza kupanda. Nimeona 25 ikafika 50 kwa mtu aliyemeza dawa bila kuruka.

Kuna pia walio na asilimia nzuri kabisa na bado moyo umeshindwa, kwa sababu shida yao ni moyo kukakamaa, si kusukuma. Hao wasiambiwe hawaumwi. Eko ni picha ya mawimbi ya sauti, haina mionzi wala maumivu. Utapimwa pia umeme wa moyo, eksirei ya kifua, na damu kwa ajili ya figo, chumvichumvi za mwili, sukari na wingi wa damu.

## Dawa

7. Mbona dawa ni nyingi hivi?

Kila moja inakata mzunguko wa swali la 1 mahali pake. Kundi la kwanza ni enalapril, losartan na ndugu zao, yanalegeza mishipa ili moyo usisukume dhidi ya ukuta. La pili ni carvedilol au bisoprolol, yanaupunguzia moyo mbio. La tatu ni spironolactone. La nne ni jipya kidogo, dapagliflozin na empagliflozin, zilizoanza kama dawa za kisukari zikaonekana zinausaidia moyo hata kwa asiye na sukari. Kwa moyo unaosukuma kidogo, makundi haya manne kwa pamoja ndiyo yanayorefusha maisha.

Lasix, yaani furosemide, ni ya kutoa maji. Ndiyo unayoiona ikifanya kazi kwa macho, hivyo watu wanaiheshimu kuliko zote, wanaziacha nyingine. Ni kinyume. Lasix inakupa nafuu ya leo, yale manne yanakujengea mwaka kesho.

Dozi huanza ndogo na kupandishwa polepole. Daktari akikuongezea dozi, usidhani umezidiwa.

8. Nimepona kabisa. Naweza kuacha vidonge?

Kama kuna jibu moja ningetamani ulibandike ukutani, ni hili: umepata nafuu, hujapona, na nafuu hiyo inatoka kwenye vidonge.

Kuna baba mmoja, fundi seremala, alitoka wodini mwepesi. Kilo tisa zilikuwa zimetoka kwa mkojo. Miezi mitatu baadaye alikuwa anabeba mbao mwenyewe. Akaona hakuna haja ya kumeza vidonge akiwa mzima, akaviacha. Hakudondoka siku ya pili. Wiki ya kwanza hakuna kitu, wiki ya tatu soksi zinaacha alama, wiki ya sita analetwa usiku midomo imebadilika rangi. Akapona, akarudi kazini, akaacha tena. Safari ya tatu eko ilisoma chini kuliko zote mbili za mwanzo. Kila kulazwa kunaacha moyo umepungua kidogo, na alichopoteza hakukirudisha chote.

Nchini Uingereza walijaribu jambo hili kwa uangalifu: wagonjwa 51 ambao moyo ulikuwa umetanuka ukarudi kawaida, wengine wakaachishwa dawa chini ya uangalizi wa karibu. Ndani ya miezi sita, zaidi ya wanne kati ya kila kumi walioachishwa walikuwa wamerudi kuugua. Hao walikuwa wamepona hata kwenye vipimo. Wewe unayehisi tu umepona uko mbali zaidi na usalama kuliko wao.

Zikiisha wikiendi, nunua hata za siku mbili. Usingoje kliniki.

9. Lasix inanikimbiza chooni. Nikisafiri nifanyeje?

Watu wanaiacha siku ya safari kwa sababu basi la Mwanza halisimami kila unapotaka kuchimba dawa. Naelewa aibu ya kumwomba konda asimamishe gari mara tatu kabla ya Morogoro. Lakini kuiacha, halafu kukaa saa kumi na nne miguu inaning'inia, ukifika unakaribishwa kwa nyama ya kuchoma yenye chumvi, ndiyo njia fupi ya kurudi wodini.

Kazi ya kidonge hiki huanza baada ya kama saa moja na hupungua sana ndani ya saa sita. Kwa hiyo kinachobadilishwa ni saa, si siku. Zungumza nasi kabla ya safari. Wengi tunawaambia wameze wakishafika, mradi isiwe usiku wa manane. Siku za kawaida meza asubuhi. Kama ni mara mbili, ya pili isivuke saa tisa au kumi alasiri, ulale.

10. Dawa imeniletea kikohozi. Mume wangu matiti yamevimba. Tuache?

Msiache, njooni. Kikohozi kikavu cha kukereketa ni cha enalapril na jamii yake, na kinabadilishwa kwa losartan. Matiti ya mwanaume kuvimba au kuuma ni ya spironolactone, nayo ina mbadala. Wanaume wanalificha hili kwa miezi, halafu wanaacha dawa kimyakimya. Kwetu ni jambo la kawaida, hatushangai. Kizunguzungu ukiinuka huwa cha siku za mwanzo: kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, ndipo usimame.

Lisilosubiri ni uso, midomo au ulimi kuvimba ghafla baada ya enalapril. Ni nadra, lakini linawapata zaidi watu weusi, na linaweza kuziba koo. Acha dawa hiyo palepale, kimbia hospitali, na usiitumie tena maishani.

11. Nasikia hizi dawa zinaharibu figo. Kweli?

Moyo dhaifu ndio unaoziumiza figo kwanza, kwa kuzinyima damu. Dawa zikianza, kipimo cha figo huweza kupanda kidogo na hilo tunalitarajia. Ndiyo maana tunarudia damu wiki moja au mbili baada ya kuanza au kupandisha dozi. Usikwepe kipimo hicho. Kinaangalia pia potasiamu, ambayo ikizidi inavuruga mapigo ya moyo.

Siku ukiharisha au kutapika sana, huli, hunywi, piga simu kliniki siku hiyohiyo. Mwili uliokauka ukiendelea kumezeshwa dawa za kutoa maji ndipo figo zinaumia kweli, na daktari anaweza kukusimamishia baadhi kwa siku chache. Ukipona, unazirudia.

12. Mgongo unaniuma. Ninywe diclofenac?

Hapana. Diclofenac, ibuprofen na jamii yake hukamata chumvi na maji, hubana figo na kuzizuia dawa zako kufanya kazi. Wapo waliolazwa kwa sababu ya vidonge vya maumivu walivyonunua kwa muuza duka. Paracetamol ni salama zaidi kwa dozi ya kawaida. Kwenye duka la dawa anza kwa kusema, "Nina ugonjwa wa moyo." Chukua tahadhari hiyohiyo na vidonge vinavyoyeyuka kwenye maji kwa kutoa mapovu, vingi vina sodiamu nyingi, madini yaleyale yaliyo kwenye chumvi.

13. Na dawa za miti shamba?

Sitakuambia majani hayana nguvu. Digoxin, ambayo baadhi yenu mnaimeza, ina asili ya mmea: daktari Mwingereza William Withering aliandika mwaka 1785 jinsi majani yake yanavyowatoa maji waliovimba. Aliandika pia jinsi yanavyotapisha na kuua dozi ikizidi. Tatizo la chupa uliyoletewa na shemeji ni hilohilo: hakuna ajuaye mna kiasi gani, wala inagombana na kidonge kipi. Kama umeshaitumia, ilete. Hatutakugombeza, tunataka kujua tu.

14. Dawa ni ghali na bima hailipi zote.

Sema wazi kwa daktari kabla hajaandika. Enalapril, spironolactone, carvedilol na furosemide zina aina za bei nafuu zisizo na jina kubwa, na zinafanya kazi ileile. Afadhali dawa tatu unazozimudu kila mwezi kuliko tano unazomeza mwezi mmoja na kuruka mmoja. Usikate vidonge nusu ili vifike mwisho wa mwezi.

Tanzania ilitunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na Kenya ilihama kutoka mfuko wake wa bima ya afya, NHIF, kwenda mamlaka mpya, SHA, Oktoba 2024. Uliza dirisha la bima kitita chako kinabeba nini, na ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini ipo kwa ajili ya aliyekwama kabisa.

## Nyumbani

15. Mizani ya nini, mimi si mnene?

Hatupimi unene, tunapima maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, na inaingia mwilini siku kadhaa kabla miguu haijavimba au pumzi haijabana. Mizani inakuambia Jumanne kitakachokulaza Jumamosi.

Pima kila asubuhi, umeshakojoa, hujanywa chai, umevaa kanga ileile au kaptula ileile, mizani ikiwa sakafuni na si juu ya mkeka. Andika. Daftari la shule linatosha. Uzito ukipanda kilo mbili ndani ya siku tatu, piga simu siku hiyo, hata kama unajisikia vizuri. Wengine tunawaandikia kabisa waongeze Lasix kiasi gani wakiona hivyo. Kama hujaandikiwa, uliza.

Huna mizani? Jirani au duka la dawa huenda wanayo. Wakati unatafuta, tumia tundu la mkanda, pete, alama ya soksi na idadi ya mito.

16. Nimepunguza chumvi mezani. Inatosha?

Ni mwanzo mzuri, ila chumvi nyingi haiko mezani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote. Sasa hesabu na mpishi wako: kiungo cha kete kwenye mchuzi, papa mkavu au ng'onda, dagaa waliotiwa chumvi, mkate wa asubuhi, soseji, achari, chipsi za barabarani, embe bichi la chumvi na pilipili. Magadi yanayolainisha maharage na mlenda nayo ni sodiamu, ingawa hayana ladha ya chumvi. Hilo huwashangaza karibu wote.

Ng'onda na papa loweka, mwaga maji, chemsha, mwaga tena. Hata hivyo iwe mara mojamoja. Mchuzi unapata ladha kwa ndimu, ukwaju, kitunguu swaumu, tangawizi, bizari, giligilani, nazi kidogo. Ulimi unazoea ndani ya wiki chache. Na tafadhali, pikieni nyumba nzima chungu kimoja cha chumvi kidogo. Mgonjwa anayepikiwa kisufuria chake pembeni anakula kwa huzuni, kisha anadokoa cha wenzake. Tena wenye presha ambayo haijapimwa wamekaa hapohapo mezani.

Usinunue "chumvi ya wagonjwa" bila kuuliza. Nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu, na ukiwa unatumia spironolactone pamoja na enalapril au losartan, zinaweza kukudhuru. Madafu nayo yana potasiamu nyingi. Yasiwe kinywaji cha kila siku.

17. Ninywe maji kiasi gani?

Si kila mgonjwa anawekewa kikomo. Aliyevimba sana mara nyingi huambiwa lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, na hapo chai, uji, supu na soda vyote vinahesabiwa. Jaza chupa asubuhi. Kila unachokunywa kwingine, punguza kiasi hicho kutoka kwenye chupa hiyo. Kiu ikizidi, sukutua au nyonya kipande cha barafu.

18. Naweza kufanya kazi, mazoezi, tendo la ndoa, kufunga?

Ukiwa umetulia, kutembea kila siku ni dawa. Anza dakika kumi, kwa mwendo unaokuwezesha kuongea bila kukatika pumzi. Jembe, ndoo mbili za maji na kubeba magunia vingoje mazungumzo na daktari.

Tendo la ndoa halikatazwi kwa anayeweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kuhema. Dawa za nguvu za kiume usimeze bila kutuambia: zikikutana na dawa ya maumivu ya kifua ya jamii ya isosorbide, presha inaanguka na mtu anaweza kufa. Kama nguvu zimepungua tangu uanze vidonge, sema, tunalisikia kila wiki.

Kufunga Ramadhani: njoo mwezi wa Shaabani, si usiku wa kuamkia mfungo. Aliyetulia kwa dozi ndogo mara nyingi tunaweza kumpangia dawa za daku na futari. Aliyelazwa karibuni, anayehema akiwa amekaa, au figo zake hazijakaa sawa, tunamwomba asifunge, na dini yenyewe imempa ruhusa mgonjwa. Ninajua uchungu wa mzee aliyefunga miaka hamsini kuambiwa ale mchana. Zungumza na shehe wako kuhusu fidia. Mashehe wengi wanalielewa hili vizuri. Futari isiwe sambusa na supu ya chumvi.

Pombe na sigara: acha. Kama moyo uliharibiwa na pombe, kuacha kabisa kunaweza kuurudisha.

## Hali maalumu

19. Nilianza kuhema baada ya kujifungua. Nikazaa tena je?

Upo ugonjwa wa misuli ya moyo unaojitokeza mwezi wa mwisho wa ujauzito au ndani ya miezi mitano baada ya kujifungua. Unachelewa kugunduliwa kwa sababu kuvimba miguu na kuchoka vinachukuliwa ni uzazi tu. Mzazi asiyeweza kulala chali, anayekohoa usiku, apelekwe kupimwa moyo. Asiambiwe ni ubaridi wa arobaini.

Wengi wanapona, baadhi kabisa. Lakini ujauzito mwingine unaweza kuurudisha ugonjwa, na kama moyo haujarudi kawaida hatari ya kufa ni kubwa. Tafuta uzazi wa mpango mapema. Vipandikizi na kitanzi vinafaa kuliko vidonge vyenye estrojeni. Wengine waliobeba wakiwa kwenye dawa: enalapril, losartan na spironolactone haziruhusiwi kwa mjamzito. Njoo siku unayojua. Na ninyi kina mama wakwe, nawaomba, msimlazimishe binti huyu azae tena.

20. Mwanangu ana valvu mbovu. Sindano za kila mwezi ni za maisha?

Ni za miaka mingi, mara nyingi mpaka utu uzima. Homa ya baridi yabisi huanzia kwenye koo lenye bakteria, na kila koo jipya huongeza kovu kwenye valvu. Penisilini ya kila wiki tatu au nne inazuia kovu jipya, haiondoi la zamani. Aliyebadilishiwa valvu ya chuma atameza warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote na kupimwa damu mara kwa mara. Mchicha na matembele hugusa nguvu ya dawa hiyo, lakini haviachwi. Kinachotakiwa ni kula kiasi kilekile wiki hadi wiki.

21. Kuna upasuaji wa kuutibu?

Inategemea kisababishi. Valvu hubadilishwa au kurekebishwa, mishipa iliyoziba huzibuliwa, mapigo yaliyo chini sana huwekewa betri ya moyo. Haya hufanyika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete Dar es Salaam, na yapo Nairobi na Kampala pia. Kupandikizwa moyo wa mtu mwingine ni kwa wachache mno, hivyo usiuze shamba kwa ahadi ya dalali wa matibabu ya nje kabla ya kukaa na daktari bingwa wako.

22. Lini nikimbie hospitali usiku huohuo?

Unahema ukiwa umekaa tu, unakohoa mapovu meupe au ya pinki, kifua kinabana zaidi ya dakika chache, umezimia, umechanganyikiwa, moyo unakwenda mbio ovyo bila kutulia, midomo imekuwa ya bluu au kijivu.

Njiani mkalishe wima, miguu ikining'inia. Msimlaze kiti cha nyuma cha teksi, hapo ndipo wengi wanazidiwa. Msimpe maji mengi. Chukueni vidonge vyake vyote na daftari la uzito.

23. Niambie ukweli: ataishi muda gani?

Katika ule utafiti wa nchi 9, karibu 18 kati ya kila 100 waliolazwa walifariki ndani ya siku 180. Ni ugonjwa mzito na sitaupunguza kwa maneno matamu. Lakini hiyo ni hesabu ya watu waliofika wodini wamezidiwa, wengi bila dawa zote zilizotajwa swali la 7. Tunao wanaohudhuria kliniki mwaka wa kumi. Umri, kisababishi, figo, na kama dawa hazikatiki, ndivyo vinavyoamua. Hakuna daktari anayeweza kukutajia tarehe.

24. Baba amechoka na hospitali. Tumlazimishe?

Kwanza tujue amechoka na nini. Wakati mwingine ni nauli, ni foleni, ni kukojoa mbele ya wakwe, na hayo yana njia. Wakati mwingine moyo umefika mwisho na dawa hazisaidii tena. Hapo kuna tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mateso: mofini ya kunywa kwa dozi ndogo inapunguza hisia ya kukabwa pumzi, na Uganda imekuwa ikiitoa kwa wagonjwa wa nyumbani tangu miaka ya 1990. Dawa ya maji inaendelea, kwa sababu inampa raha. Zile za kumrefushia miaka zinaweza kupunguzwa, kwa makubaliano na daktari.

Muulize yeye, akiwa bado ana pumzi ya kujibu, anataka kulala wapi na nani awe karibu. Mzee mmoja alichotaka ni kitanda kihamishiwe barazani, kiinuliwe upande wa kichwa kwa matofali mawili, aone watu wakipita kwenda msikitini. Wanawe walikihamisha jioni ileile.